Huruma ya Mia Tatu

Gari la maziwa ya ngamia lilipoingia sokoni Isiolo, watu waliikimbilia mitungi, na Ganya, karani mpya wa ghala la maziwa, akamkanyaga msichana mguu.

"Pole, dada."

"Dada yako yuko kwenu. Mimi naitwa Tiya." Buibui lake lilinukia moshi, kwani kazi yake ghalani ilikuwa kufukiza mitungi ili maziwa yasichache. Alipocheka, Ganya akasahau kuhesabu.

Tangu hapo simu ya Tiya ililia kila jioni.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Sijashiba sauti yako tu."

Kisha ukame ukawaleta wanawake kutoka ng'ambo ya mpaka wa Moyale, wakitafuta kazi. Ganya aliwahurumia. Akamwambia tajiri, mwenye ghala, "Waajiri hata kwa shilingi mia tatu kwa siku. Watashukuru." Tajiri akawaajiri, halafu akawashusha na wa zamani, Tiya akiwemo, kutoka mia tano hadi hiyo mia tatu. Mwezi huohuo akanunua gari jipya.

"Ni hawa wageni!" Tiya aliwaka kwenye simu. "Mama nitamnunulia dawa kwa pesa gani?"

"Pole, mpenzi." Ganya akakata simu bila kumwambia wazo lilikuwa la nani.

Kwa hasira, Tiya hakumwonyesha mgeni mmoja, Hamdi, namna ya kufukiza mtungi. Maziwa yakachacha njiani kwenda kwa wanunuzi, na Hamdi akafukuzwa mbele ya watu. Alivaa ndara zake kimyakimya, akaondoka. Usingizi ukamhama Ganya.

Asubuhi akamfuata Tiya. "Hamdi hakushusha mshahara wako. Ni mimi." Akamweleza yote.

Tiya alishika kichwa. "Na mimi nikamponza bure! Lakini wewe, kwa nini hukusema mia tano? Huruma gani hiyo ya kuwauza watu bei rahisi?"

Gari la maziwa lilipofika, Ganya akapaza sauti mbele ya tajiri: "Wazo la mia tatu lilikuwa langu, na lilikuwa baya. Mia tano kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji, na Hamdi arudi."

Tiya akakaa chini. Wanawake wote, wa hapa na wa Moyale, wakakaa, wakakataa kugusa mitungi. Jua likapanda, maziwa yakaanza kupata moto. Kabla ya saa nne tajiri alikubali, kisha akamfuta Ganya kazi.

Tiya alimsindikiza hadi langoni.

"Umenisamehe?"

"Bado. Wazee wako wakileta kahawa ya posa kwetu, njoo nao. Umwambie mama mwenyewe kwa nini alikosa dawa."

Ganya aliinamisha kichwa. "Nitakuja."