Sumu ya Diski Halali

Simu iliita mara moja, ikakatika. Ikaita tena.

"Msumari."

"Bibi harusi anaumwa jino," alisema Mkuu.

"Lipi?"

"La mwisho. Ling'oe asubuhi hii."

Katika lugha ya Idara, maneno hayo yalikuwa na maana moja: mkamate mtu yule sasa hivi, akiwa mzima, na visingizio ubaki navyo mwenyewe.

Mtu mwenyewe alikuwa ngazi kumi na mbili juu ya Msumari, akikimbia.

Walimwita Fotokopi. Mfalme wa diski feki. Ndani ya wiki mbili kompyuta za benki, za bandari na za reli zilikuwa zimekufa, na kila moja ilikutwa na diski ya nyimbo tumboni. Idara iliamini sumu ilitoka mikononi mwake.

Fotokopi aliruka dirishani. Msumari akaruka.

Mabati yalilia. Mbele kulikuwa na tangi la maji, na nyuma ya tangi hakuna kitu ila hewa. Msumari alimdaka kwenye ukosi.

"Taratibu, kaka. Shati la kuazima hili."

"Umetia sumu kwenye diski."

"Mimi? Mwizi wa mayai hawezi kumuua kuku. Kesho ataiba nini?" Alihema. "Mmetazama vibandiko? Zote zilizoua ni orijino. Zile zenye kufuli la kuzuia kunakili."

Msumari alilijua kufuli hilo. Nchi nzima ilikuwa ikililaani. Unanunua diski kwa jasho lako. Redio ya gari inaitema, deki ya sebuleni inakaa kimya kama mke aliyenuna. Kompyuta nayo inaicheza kwa sharti ubonyeze "Nakubali" chini ya maelezo marefu kama jalada la kesi ya ardhi.

"Ukishakubali tu," alisema Fotokopi, "kuna kitu kinaingia."

Simu ikaita.

"Bwawa," alisema Mkuu. Safari hii hakutumia mafumbo, na hilo ndilo lililomtisha Msumari. "Fundi wa zamu ameweka diski kwenye kompyuta ya milango. Kioo kinahesabu kurudi nyuma. Saa nne kamili milango yote inafunguka."

"Izimeni."

"Ya reli tuliizima. Ikafa papo hapo na kila kilichounganishwa nayo."

Seiko yake ya mkononi ilisema saa tatu na dakika thelathini na tano.

Chini ya bwawa kulikuwa na mji wa watu elfu arobaini. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani mwenye miwani minene, ambaye saa hiyo angekuwa barazani, mguu kwenye pedali. Ndiye aliyemzaa Msumari.

Hakulisema hilo. Alimfunga Fotokopi pingu.

"Unajua kuendesha pikipiki?"

"Hapana."

"Basi utajua kushika."

Yamaha ilikula kilomita thelathini na moja kwa dakika ishirini na moja. Upepo uliachwa nyuma ukiuliza njia.

Chumba cha mitambo kilikuwa cheupe na baridi. Fundi wa zamu alikuwa ameloa jasho.

"Nimenunua halali, mkuu wangu. Mke wangu hataki feki, anasema ni dhambi. Risiti ninayo."

Kando yake alisimama mtu wa suti ya kijivu, fomu mkononi.

"Huduma kwa wateja, kampuni ya diski," alisema kwa upole. "Malalamiko hujibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi."

"Nani alikuita?" Msumari aliuliza.

"Mteja."

"Mimi?" alisema fundi. "Namba yenu naipiga tangu juzi ilipogoma redioni, haipokelewi."

Mkono wa kijivu ukaingia kotini.

Msumari alikuwa ameshafika. Teke moja, bastola ya Makarov ikateleza chini ya meza. Kiwiko kimoja, suti ikafuata sakafuni.

"Umechelewa," mtu yule alisema, akitabasamu kwa meno yenye damu. "Ukizima, maji. Ukiitoa diski, dakika moja. Kisha maji."

Kioo kilisema 02:40.

"Dakika moja inatosha," alisema Fotokopi. "Kaka, nifungue mkono wa kulia. Ndio unaoiba."

Msumari alimtazama. Akafungua.

Fotokopi alinyoosha kibanio cha karatasi, akakidunga kwenye tundu dogo la mashine. Diski ikajitokeza. Kioo kikawa chekundu.

60.

"Kufuli limeandikwa ukingoni. Wino mzito. Upo?"

Fundi alimpa kalamu ya kuandikia maboksi. Fotokopi akaanza kupaka ukingo wa diski, polepole, kama anayempaka bibi harusi wanja.

38.

Nje, chuma kiliguna. Milango ilikuwa inajinyoosha.

19. Akapuliza wino ukauke.

11. Akairudisha.

Mashine ilinguruma, ikatafuta, ikatafuta tena.

4.

Kioo kikaandika: DISKI HII SI HALALI. PROGRAMU INAFUNGWA.

Chuma kikanyamaza.

"Kufuli halisomeki, likadhani ni feki, likajifungia nje lenyewe," alisema Fotokopi.

Mtu wa kijivu aliacha kutabasamu. Msumari alimfunga kwenye bomba, kisha akapiga simu.

"Milango imetulia."

"Na mwizi?"

Fotokopi alikuwa ameshaunyoosha mkono, akisubiri pingu.

"Mkuu, diski orijino ngapi zimeuzwa?"

"Elfu sitini."

"Ziko wapi?"

"Hospitali. Mnara wa kuongozea ndege." Sauti ya Mkuu ikashuka. "Mezani kwangu ipo moja, Msumari. Imegoma kutoka."

Msumari alikata simu. Alivaa miwani ya jua, akaichukua kalamu mezani, akamrushia Fotokopi.

"Twende makao makuu."

"Naenda kama mshtakiwa au kama fundi?"

"Inategemea wino," alisema Msumari, akashuka ngazi taratibu, kama mtu aliyetumwa gazeti.