Kirusi Hakina Cherehani

Mtoto wa wifi yake Fundi alilala ndani ya kapu la vitambaa, kati ya vyerehani viwili. Alikuwa na umri wa wiki sita. Kwa siku mbili alinyonya kwa shida. Leo kifua chake kilibonyea kila alipovuta pumzi.

Fundi alitoa pini nne midomoni, akazichomeka kwenye pindo la gauni. Wifi akazichomoa, akazibana kwa midomo yake. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote. Hata uzi waliulowesha kwa ulimi kabla ya kuutunga kwenye sindano. Wiki iliyopita Fundi alikuwa na mafua makali, lakini hakuacha kushona.

"Nitampa unga wa kapsuli zangu za antibiotiki zilizobaki," alisema.

"Hutampa," sauti ilijibu mlangoni. Alikuwa jirani yao muuguzi, amekuja kuchukua sare yake. Alimtazama mtoto, akakunja uso. "Hizo huua bakteria. Mafua huletwa na virusi. Mbebeni, twende hospitali."

Mtoto aliwekewa oksijeni. Wifi aliketi kando yake. Fundi alibaki kwenye benchi na muuguzi.

"Hicho kirusi kinafanya nini hasa?"

"Mwili umejengwa kwa seli. Kila seli ni kama karakana yako. Mafundi wake ni protini. Kirusi hakina cherehani wala fundi. Kinaingia na mchoro tu. Seli inaufuata, inatengeneza vipande. Protini zako zinasaidia kuviunganisha, vinatoka virusi vipya kwa maelfu."

"Kwa uzi wangu?"

"Kwa uzi wako. Na vya mafua vikitoka, hujifunika kipande cha utando wa seli yako."

Fundi alisimama. "Kiingie bila hodi, kiwatumikishe watu wangu, kisha kitoke kimevaa koti langu? Hakina haya hata kidogo."

"Hakina. Lakini mlango alikifungulia nani?" Muuguzi aligusa midomo yake. "Pini zilikuwa na mate yako, dada. Na ulikohoa juu ya kapu."

Fundi aliketi. Hasira ilikosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe.

Siku ya tano mtoto alirudi nyumbani, ananyonya kwa fujo. Karakanani kila fundi alikuwa na mto wake mdogo wa kuchomekea pini. Ncha ya uzi ilichovywa kwenye bakuli la maji. Sabuni ilikaa mlangoni, na mwenye mafua alibaki nyumbani kwake.

Mteja mmoja alichukua pini, akaibana kwa meno huku akipima pindo.

"Itoe, mama," alisema Fundi. "Virusi ni wezi, na siwashonei makoti tena."