Theluji Kwenye Bomba la Mwalimu Ogata

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Alhamisi, Kiyo Hatakeyama alifungua mlango aliokatazwa kuufungua. Humo ndani, Ryohei Ogata alikuwa amelala kifudifudi kando ya ukuta. Macho yalifungwa kitambaa chekundu, na mwili ulianza kupoa.

Ogata alikuwa prodyuza wa Binti Theluji, kundi la wasichana waimbaji ambao mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sabini na moja. Aliwavisha sketi za waridi, akawafundisha kurukaruka, na mkoa mzima wa Akita uliwapenda. Mwenyewe alivaa vazi la kuogea hata jukwaani. Kila asubuhi, saa tatu kamili, alijifungia katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, ndani ya jengo la mazoezi, akafunga macho kwa kitambaa na kusikiliza nyimbo kwa saa nzima. Hakuna aliyeruhusiwa kumsumbua.

Inspekta Nagisa Umetsu alifika saa tano kasoro kumi. Daktari alimwambia mara moja kuwa ni hewa ya sumu. Nje, nyuma ya jengo, bomba la moshi la jiko la mafuta ya taa lililopasha joto chumba hicho lilikuwa limezibwa na theluji.

"Imeporomoka toka juu ya paa," alisema Kosaku Bandai, meneja wa kundi. "Kila mwaka inaua mtu."

Umetsu alitazama juu. Paa lilikuwa tupu.

"Paa lilisafishwa lini?"

"Jana saa kumi. Vijana wa mtaa walibeba theluji yote, ya paa na ya chini, kwa lori, wakaenda kuimwaga mtoni."

"Na usiku haikuanguka?"

"Hata punje."

Umetsu alivua glavu, akachimba bomba kwa vidole. Theluji ilikuwa imeshindiliwa, na ndani yake mlikuwa na chembe za kijivu. Aliitia kwenye kopo, akalifunika.

Bandai ndiye aliyeshukiwa kwanza. Alitaka kulihamishia kundi Tokyo, na Ogata alimkatalia mbele ya watu. Lakini tangu saa mbili na nusu hadi saa nne alikuwa stesheni ya treni akipokea vipaza sauti vya jukwaani, na wafanyakazi watatu walimwona.

Saa saba Umetsu alikwenda nyumbani kwa Kiyo, mmoja wa waimbaji. Mlangoni aliteleza kwenye barafu, nusura avunje kiuno.

"Shika ukuta, mwanangu! Hapo kila mtu anaanguka," Kiyo alimwambia akimvuta ndani.

"Bibi Kiyo, Mwalimu alikuondoa mstari wa mbele."

"Aliniambia naimba kama bata aliyekanyagwa. Mbele ya wenzangu! Nilimchukia siku mbili. Ya tatu akaja na supu ya miso, akakaa hapo ulipo akaniomba radhi. Tangu mume wangu afe, nani mwingine aliwahi kuniambia nisimame wima?"

"Asubuhi nani alichelewa mazoezini?"

Kiyo alifikiri. "Sisi tulikuwa ukumbini saa tatu na nusu. Fumi alikuja kama saa nne kasoro dakika tano. Na yeye anakaa hapo hapo nyuma ya ukumbi."

Fumi Sugawara, miaka sabini na minane, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kundi. Njia ya kwenda mlangoni kwake ilikuwa ya kijivu, na Umetsu alitembea juu yake bila kuteleza. Aliinama, akagusa. Majivu ya pumba za mpunga.

Aliweka kopo mezani, mbele ya chai.

"Bibi Fumi, kule kwa Mwalimu hapakuwa na theluji ya kuziba hata kikombe. Hii ililetwa kwa ndoo. Ina majivu. Leo nimezunguka mtaa mzima, na anayemwaga majivu njiani ni wewe peke yako."

Fumi alilisogeza kopo mbali na chai.

"Umeusikia wimbo mpya wa onyesho letu la Jumapili?" aliuliza.

"Bado."

"Unahusu mwanamke aliyemfungia mumewe nje kwenye theluji. Ni mimi. Miaka arobaini na moja iliyopita alirudi amelewa, tukagombana tena mlangoni, nikatia komeo. Aligonga, nikanyamaza. Watu wote wanajua alianguka njiani. Mwanangu anajua hivyo." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Nilimwambia Mwalimu peke yake. Akakigeuza kisa changu kuwa wimbo. Nilipiga magoti, Inspekta. Akaniambia, 'Fumi, ukiuimba huu utapona.' Mwanangu angekaa kiti cha mbele."

"Ulipomaliza kuziba, uliondoka?"

"Hapana. Nilisimama pale pale ukutani."

"Ulisikia nini?"

Fumi alifunga macho. "Alipiga ukuta. Mara tatu. Akasema, 'Fungueni.' Nadhani miguu yake ilikuwa imeshaishiwa nguvu. Ningeweza kuivuta ile theluji kwa mkono mmoja."

Umetsu aliacha kuandika. "Kwa nini hukuivuta?"

"Yule wa kwanza nilimwacha kwa hasira, sikujua kama atakufa. Huyu nilijua." Sauti yake haikupanda. "Andika hivyo hivyo. Usinihurumie kwenye karatasi."

Alitia sahihi maelezo yake saa tisa na robo, kwa herufi nzuri za mtu aliyesomeshwa vizuri. Kisha akaomba simu. Umetsu alimpa, akasogea dirishani, lakini chumba kilikuwa kidogo, na alisikia kila neno.

"Mwanangu," Fumi alisema, "kaa chini kwanza. Nataka kukwambia baba yako alikufaje."