Kaburi la Mjomba Alfredi

Tulikuwa uani Mnyambe, mimi na mama, tunaanika korosho, habari ilipofika kwamba Mjomba Alfredi amefariki Kitangari. Mama aliketi chini.

"Sasa ndiyo amekufa kweli."

Mjomba alishazikwa mara moja. Vita vya Kagera vilipoanza, alijitolea kwenda kupigana. Akatekwa, akafungwa pingu gerezani Uganda. Nyumbani, kaka yake Silvesta hakusubiri. Aliuvika mgomba sanda badala ya maiti, akauzika, akaanua matanga, akachukua mikorosho ya mdogo wake, akamrithi na mke. Mjomba aliporudi, amebaki mifupa, akapiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, Silvesta alipaza sauti: "Ndondocha huyo! Wachawi wamemfufua! Msimjibu!"

Kijiji kizima kikafunga milango. Kwa mtu aliyekwenda kufa kwa ajili yao! Akahamia Kitangari, akazeeka peke yake, watoto wakimkimbia kisimani.

Aliacha wosia mmoja: azikwe katika kaburi lake lilelile. Silvesta alikataa, akigonga mkongojo.

"Kaka," mama alimwambia, "safari hii huna amri."

Tulimleta Mnyambe, tukafukua kaburi mchana, jua likiwaka. Nurdin, jirani yetu, ndiye aliyekuwa shimoni. Jembe likagusa kitu laini. Akaruka nje.

"Haujaoza," alinong'ona.

Sanda ilikuwa nyeupe pe. Mgomba ndani yake mbichi, unatoa maji.

Kisha tukasikia kikohozi. Chembamba. Cha mtu aliyelalia sakafu ya baridi. Kilitoka ndani ya sanda.

"Fukieni!" Silvesta alipiga kelele. "Fukieni!"

Kikohozi kikakoma. Sauti ikasema, taratibu:

"Hodi."



"Mjibu," mama alimwambia Silvesta, meno yameumana. "Miaka yote hii anakungoja wewe. Mjibu!"

Silvesta alitugeuzia mgongo, akaenda zake.

Mama ndiye aliyeinama shimoni. "Karibu, ndugu yangu. Karibu nyumbani."

Sauti haikusikika tena. Tukamzika Mjomba Alfredi hapohapo.

Asubuhi Silvesta alikutwa kwake, amejikunyata kwenye kona ya chumba, hana sauti, hamjui mtu. Tulimpeleka hospitali Masasi. Wakampima, wasione ugonjwa. Sikumhurumia, na sitasema uongo kwamba nilimhurumia. Ila muuguzi alipompandisha mikono ya shati, nilirudi nyuma hadi ukutani.

Vifundo vyote viwili vya mikono vilizungukwa na makovu ya pingu. Hayakuwa mabichi. Yalikuwa ya zamani, yamekauka, yameingia hadi mfupani, kama ya mtu aliyefungwa tangu ujana wake.