Chingamu na Kahawa ya Arvo

Arvo Niemi alifungua mdomo amsalimu mkewe. Ikatoka kwikwi.

Lempi akacheka. "Umeanza tena, mzee! Utafiti gani huu wa kufundisha watu kwikwi?"

Arvo ni fundi wa mashine za kuondoa theluji, kaskazini mwa Michigan, Marekani. Amevuta sigara tangu ujana. Sasa amejiunga na utafiti wa chuo kikuu kuhusu kuacha sigara. Wamempa chingamu yenye nikotini, imtulizie hamu ya sigara. Ana sababu nzito. Binti yao, Kaisa, amejifungua, naye alisema wazi: "Baba, nakupenda, lakini mwanangu hatalala kwenye nyumba ya moshi." Maneno hayo yalimchoma Arvo.

Lakini chingamu haikumsaidia. Jana alivuta tena, nyuma ya karakana.

Mchana akaja Janelle, mtafiti.

"Nimevuta, binti," Arvo akasema. "Nifukuzeni tu."

"Tukufukuze kwa kusema ukweli? Ukituficha, tutajifunza nini? Hebu nioneshe unavyotafuna."

Arvo akatupa chingamu mdomoni, akatafuna harakaharaka, akapiga funda la kahawa. Kwikwi!

Janelle akamtazama kwa makini. "Kahawa unakunywa saa ngapi?"

"Muulize saa ngapi hanywi!" Lempi akadakia. "Sisi wa huku wenye asili ya Ufini, birika likipoa, majirani wanauliza nani amekufa."

"Basi nikotini inaishia tumboni, ndiyo maana unapata kwikwi. Inatakiwa ipenye ndani ya shavu. Tafuna polepole mpaka uhisi mwasho. Kisha ibane kati ya shavu na ufizi, utulie. Mwasho ukiisha, tafuna tena kidogo. Ukinywa kahawa, subiri robo saa kwanza ndipo utafune. Na chingamu ikiwa mdomoni, usinywe kitu."

"Kahawa ina kosa gani?"

"Ina uchachu. Mdomo ukiwa na uchachu, nikotini haipenyi vizuri."

"Na soda?"

"Vilevile."

"Na maziwa ya mgando?"

"Arvo! Mwache binti wa watu apumue," Lempi akasema.

Arvo akajaribu palepale. Shavu likamwasha. Akatulia, akisikilizia. "Kumbe!" akasema. Kwikwi haikuja.

Haikuwa rahisi. Aliteleza akavuta mara moja, akampigia Janelle simu, akaendelea. Lempi akafua mapazia na makoti yote.

Majira ya kuchipua Kaisa alikuja na mtoto. Alinusa mapazia. Alinusa koti la baba yake, kisha ndevu zake. Akampakatisha Arvo mtoto.

"Nguo zake za kulalia," akasema, "ziko mkobani."