Sigara ya Kwendana na Wiski

Haya alinisimulia mwenyewe rafiki yangu, tuliyemwita Pua. Kazi yake hotelini ilikuwa kuwachagulia wageni sigara nene ya kwendana na wiski ya bourbon, na hakuwahi kukosea. Kisha mafua makali yakamwibia harufu zote.

Alijaribu kuficha, lakini la kuvunda halina ubani. Wageni walianza kurudisha glasi zikiwa zimejaa. Meneja akamwita.

"Jioni hii utachagua mbele yangu. Ukikosea, usirudi kesho."

Mkewe alikuwa mjamzito. Mchana ule Pua alishuka stoo ya chini isiyo na dirisha, akajifungia, akanusa chupa moja baada ya nyingine, akajisugua tumbaku puani mpaka damu ikamtoka. Hakusikia harufu yoyote. Akapiga magoti akilia.

"Jamani, yeyote anisaidie!"

Umeme ukakatika.

Gizani, karibu na sikio lake, kizibo kikachomoka. Wiski ikamiminwa polepole. Njiti ya kiberiti ikakwaruzwa, lakini hakuona mwali. Halafu akasikia mtu akivuta pumzi ndefu, ndefu mno, na asiitoe.

"Nani hapo?"

Umeme uliporudi, stoo haikuwa na mtu mwingine na mlango umefungwa vilevile. Pua akapanda ngazi mbio hadi jikoni.

"Vipi, ndugu yangu?" mpishi akamuuliza.

Pua akafumbua mdomo amweleze. Kabla neno halijatoka, ukatoka moshi, mzito, wa buluu, kana kwamba pumzi ile ya gizani aliivuta yeye, na ukaendelea kutoka.