Meseji Aliyoisoma Limi

"Anti Devo, posa ni nini?"

Devotha aliinua macho. Kitabu walichokuwa wakisoma kilikuwa hadithi ya kuku na vifaranga wake, na neno hilo halikuwamo.

"Umelisoma wapi, Limi?"

"Kwenye simu ya baba. Mimi ndiye namsomea meseji. Yeye hajui kusoma. Zamani alikuwa anampelekea mwenye duka, sasa mimi najua."

Ilikuwa Jumatano mchana, Kilosa. Kila Jumatano baada ya masomo, Devotha na akina mama wenzake wa kanisani walikwenda shule ya msingi kuwasaidia watoto wa darasa la pili waliochelewa kujua kusoma. Devotha, fundi cherehani wa Mabwerebwere, mwenye miaka thelathini na mbili na bado hajaolewa, alikuwa na kundi la wanafunzi saba. Limi alianza mwaka akijua Kisukuma na herufi tatu tu.

Devotha alihisi masikio yanapata moto. Jumapili alikuwa amemwandikia baba yake Limi, Maduhu, meseji iliyomchukua saa nzima:

*Maduhu, kuna mtu wa Mikumi anaitwa Mathias ameleta posa nyumbani. Jumamosi mama anatakiwa kutoa jibu. Moyo wangu uko kwako. Kama una neno, niandikie.*

Hakujibiwa.

"Baba alisemaje uliposoma?"

"Aliniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Halafu akaenda zizini."

Maduhu, aliyefiwa na mkewe, alikuwa mkulima na mfugaji wa Chanzuru. Kila Jumatano alikuja na pikipiki kumchukua mwanawe, akasimama getini na Devotha wakiongea na kucheka mpaka mlinzi anafunga. Jioni alipiga simu. Hakuwahi kuandika hata salamu, na Devotha alidhani ni mtu wa kupenda maongezi tu. Leo hakuja. Limi aliondoka na watoto wa majirani.

Devotha akapiga.

"Mbona hujaja kumchukua Limi?"

"Nina kazi ya mpunga."

"Meseji yangu ilifika?"

"Ilifika."

"Na ukakaa nayo siku tatu."

"Ulisema nikuandikie, Devotha. Ningeandika na nini? Nimwambie mtoto wa miaka minane aandike maneno ya mtu mzima?"

"Ungepiga. Kila siku unapiga."

"Nilimuulizia huyo Mathias. Wanasema anaendesha gari la watalii, anajua mpaka Kiingereza. Mimi hata dawa ya ng'ombe nasomewa dukani. Nikaona nisikuharibie."

"Basi nitakufundisha. Hata miezi miwili tu..."

"Hapana." Sauti ya Maduhu ilibadilika. "Usinichukue kwa kunihurumia. Mimi si wa nane kwenye lile kundi lako."

Devotha aliona kabisa kwamba amemgusa pabaya.

"Nimekosea," alisema hatimaye. "Wanafunzi ninao saba, wananitosha. Mimi nilikuwa natafuta mume. Ukija Ijumaa utanikuta nyumbani. Usipokuja, nitajua."

Ijumaa alasiri Maduhu alifika Mabwerebwere akiwa na mzee Budeba, jirani yake wa Chanzuru. Bi Perpetua, mama yake Devotha, aliwakaribisha sebuleni. Barua ya posa ya Mathias ilikuwa mezani, ndani ya bahasha nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Devotha ameniambia huenda ukaja. Sasa mwenzako ameleta barua, imechapwa vizuri. Yako iko wapi?"

Mzee Budeba alikohoa, akataka kusema. Maduhu akamgusa goti.

"Sina, mama. Sijui kusoma wala kuandika. Jana nilikwenda kwa kijana wa steshenari, nikamweleza, akaandika. Aliponisomea, maneno yalikuwa mazuri kuliko nilivyosema, si yangu tena. Nikamwachia barua yake."

"Ulimwambia nini?"

Maduhu alitazama mikono yake.

"Kwamba mke wangu amefariki miaka minne sasa, na sikutarajia kucheka tena na mwanamke. Kwamba nina mpunga, nina ng'ombe kumi na wanne, na nina mtoto anayemtaja Devotha akiamka. Na mimi namtaja, ila kimoyomoyo."

Devotha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Mama yake akamgeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na yule wa Mikumi?"

"Nitampigia mwenyewe."

Bi Perpetua alivuta pumzi.

"Mimi nilikuwa nimeshampenda yule wa barua," alisema. "Lakini siolewi mimi. Weka chai, wageni wanywe. Baba yako mdogo nitamweleza."

Jioni ile Devotha alimpigia Mathias, akamweleza bila kuzunguka. Mathias akasema, "Imeniuma. Ila umefanya vizuri kuniambia wewe mwenyewe. Mungu awatangulie."

Devotha na Maduhu walifunga ndoa mwezi wa saba, baada ya mavuno. Akina mama wa Jumatano walikaa viti vya mbele pamoja na watoto. Ulipofika wakati wa kutia sahihi, mchungaji alisogeza kitabu na kalamu.

"Bwana harusi, hapa."

"Nitaweka dole, mchungaji," alisema Maduhu kwa sauti yake ya kawaida.

Nyuma mtu mmoja alinong'ona. Devotha alisikia, hakugeuka. Maduhu alibonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka polepole mahali pake, na Devotha akaandika jina lake mwenyewe pembeni. Kisha akachukua leso, akaanza kumfuta wino.

"Hautoki," alisema chini chini.

"Uache," Maduhu akamjibu huku akitabasamu. "Nitashinda nao leo."

Wakatoka nje wameshikana mikono, na Limi akawafuata akiwa amebeba viatu vyake vipya, vilivyokuwa vimembana tangu asubuhi.